Kalamu, karamu na kukua kwa mwalimu

Mwalimu hukua kwa kitu gani? Ukiwauliza wengi watakujibu kwa vyeti. Alikuwa daraja C, akaenda mafunzo akawa daraja B, kisha A, baadaye stashahada, na mwenye bahati akapata shahada. Serikali nayo hujibu hivyo hivyo, maana mshahara hupanda kwa cheti. Mimi nimefundisha na kusimamia walimu kwa miaka 38, tangu mwaka 1981 hadi 2019 nilipostaafu, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Vyeti ninavyo, na sivibezi. Lakini nikitazama nyuma naona kwamba siku nilizokua kikazi hazimo katika vyeti vyangu. Zimo katika maneno machache ambayo wanafunzi walinifundisha, na la kwanza kati ya hayo ni kalamu.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa Pangani. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa Ngara, mahali ambapo kwetu hakuna aliyekuwa amefika. Nilikwenda kwa treni hadi Mwanza, nikapanda meli ya MV Victoria hadi Bukoba, na kutoka hapo ni malori. Nilifika nikiwa na miaka 22, na nikiwa na kiburi cha aina mbili. Cha kwanza kilikuwa cha daraja A mbele ya walimu wa UPE, wale vijana wa darasa la saba waliochukuliwa baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, wakafundishwa kazi vijijini kwa masomo ya posta na redio ili nchi ipate walimu wa kutosha ifikapo mwaka 1977. Cha pili, nacho ni kibaya zaidi, ni kiburi cha mtu wa pwani anayedhani Kiswahili ni mali ya babu yake.

Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Wenyeji wake wakubwa ni Wahangaza na Washubi, na Kihangaza ni ndugu wa karibu sana wa Kirundi. Bugufi yenyewe ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi kabla Wazungu hawajagawana ardhi. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanakuja shuleni bila Kiswahili kabisa, au wakiwa na kile cha kusikia gulioni. Siku moja, nikiwa darasa la tatu, nilimwuliza kijana mmoja kwa nini haandiki. Akasimama, akasema, "Mwalimu, sina karamu."

Nilicheka. Nikawaambia wenzake kwamba huyu leo amekosa karamu, labda angetaka tumchinjie mbuzi. Hawakuelewa vizuri mzaha wenyewe, lakini waliona mwalimu anacheka, nao wakacheka. Kisha nikamchapa viboko viwili, kimoja cha kukosa kalamu na kimoja cha kuliharibu neno. Kabla muhula haujaisha yule kijana aliacha shule. Sikuuliza. Watoro walikuwa wengi, na daftari la mahudhurio lilikuwa na alama ya kumaliza jambo hilo.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Kalamu ni neno la Kiarabu, qalam, ambalo kila mwana wa chuoni amelisoma katika Qur'ani. Lilipofika pwani, wazee wetu hawakuweza, au hawakutaka, kuitamka ile qaf ya kooni, wakaifanya k ya kawaida, wakaongeza u mwishoni. Hakuna aliyewachapa. Tukalipeleka neno bara pamoja na misafara, shule na dini, likafika kwa Warundi na Wahangaza, ambao ndimi zao hazitenganishi l na r kama tunavyotenganisha sisi. Wakalifanya ikaramu. Yaani kijana yule hakuwa ameharibu neno lolote. Alisema neno kama watu wake walivyolipokea, sawasawa na sisi tulivyosema neno kama watu wetu walivyolipokea. Tofauti yetu ilikuwa kwamba mimi ndiye niliyekuwa na fimbo.

Na la kunitia aibu zaidi ni hili. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto nisiyeweza qaf. Maalim wangu wa chuoni pale Pangani hakunichapa kwa hilo, ingawa kwa utoro alichapa. Aliniita nikae karibu, akafungua kinywa, akanionyesha herufi inatokea wapi, akanirudisha mara kumi, mara ishirini. Elimu ya makharij ina umri wa karne nyingi, na msingi wake ni kwamba kosa la ulimi lina mahali pake mdomoni, na mwalimu anatakiwa apajue mahali hapo kabla hajasema kitu. Nilikuwa nimeibeba elimu hiyo kichwani kutoka Pangani hadi Ngara, na haikunijia hata siku moja kwamba inahusu kazi yangu. Niliiweka katika kasha la dini, ualimu ukawa katika kasha la chuo cha serikali.

Aliyenifungua ni mmoja wa wale walimu wa UPE niliowadharau. Alikuwa mwenyeji, amenizidi miaka michache, daraja C. Darasa lake la kwanza lilikuwa linasoma kabla ya Pasaka, wakati la kwangu la pili lilikuwa bado linaimba silabi. Nikamwomba nikae nyuma nimwone. Sikuona zana zozote za ajabu. Niliona anauliza kwa Kiswahili, anasikiliza jibu la Kihangaza, analichukua, analirudisha kwa Kiswahili, na mtoto analisema tena. Mkaguzi akija, aliacha kufanya hivyo, kwa sababu lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967 ni Kiswahili na hakutaka barua. Nilimwuliza alifundishwa wapi njia ile. Akaniambia, "Mwalimu, sikufundishwa. Mimi nilikuwa mtoto hapa."

Siku hizo ndipo nilipoanza kujifunza kwa wanafunzi, na somo lililonishangaza kuliko yote lilikuwa hesabu. Mswahili wa leo huhesabu tano, sita, saba, nane, tisa. Sita, saba na tisa tumezitoa kwa Waarabu. Mtoto anayesema Kirundi ana sita yake, na shina lake ni tandatu, ambalo wataalamu wa lugha wanasema ni tatu na tatu zilizoungana. Ile nane yake, munani, ni nne na nne. Kwa hiyo mtoto ambaye nilikuwa namwona mzito wa hesabu alikuwa anakuja shuleni na jedwali la kujumlisha ndani ya ulimi wake, na mimi nilikuwa namwambia alitupe nje kwanza ndipo aanze kujifunza. Tisa kwake ni icenda. Nilipolisikia neno hilo nilimkumbuka bibi yangu, aliyekuwa akisema kenda. Wazee wa pwani walikuwa na mtandatu, walikuwa na kenda, na saba yao ya zamani bado tunayo bila kuijua: fungate, zile siku saba za bwana na bibi harusi. Miaka mingi baadaye, nikiwa Biharamulo katika kata zilizojaa wafugaji wa Kisukuma, nikamsikia mtoto anahesabu na kufika saba akasema mpungati. Nilikaa kimya kidogo. Fungate ya Pangani ilikuwa inachunga ng'ombe Biharamulo.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mwalimu kuijua lugha ya mtoto ni suala la huruma, au ni siasa ya ukabila. Sitetei shule za kikabila. Kiswahili kimetufanya watu wamoja, na pale mpakani watu wanajua thamani ya jambo hilo kuliko wa Dar es Salaam. Lakini Ngara tulipata somo la pekee. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa kama siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kambi ya Benaco ikawa mji. Wengi wao walirudi Desemba 1996. Warundi walikaa muda mrefu zaidi, huko Lukole, hadi kambi ilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 2000. Shule za Lukole zilifuata mtaala wa Burundi, ambao mtoto huanza kusoma kwa Kirundi katika madarasa ya mwanzo kabla ya kuhamia Kifaransa. Basi ikawa mtoto mkimbizi, asiye na nchi wala paa isipokuwa turubai, anajifunza kusoma kwa lugha ya mama yake, na mwenzake wa kijiji cha jirani, raia, mwenye lugha karibu ile ile, anaanza kwa lugha anayoisikia darasani tu. Sisemi nani alifaidika mwishowe, maana yule mkimbizi naye alikutana na ukuta wa Kifaransa mbele. Nasema mwalimu wa upande wetu alikuwa na daraja la kujenga ambalo hakuna semina iliyomwambia kwamba lipo.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nimlete mtu wa mbali. Yupo mwanafalsafa aliyezaliwa Vienna mwaka 1889, Ludwig Wittgenstein, mtoto wa tajiri mkubwa aliyeugawa urithi wake wote baada ya vita vya kwanza. Aliandika kitabu kidogo kuhusu lugha na ulimwengu, kikatoka mwaka 1921, na akaamini kwamba ameyamaliza matatizo makubwa ya falsafa. Kisha akafanya jambo ambalo wasomi wake hawakulitegemea: akasomea ualimu wa shule ya msingi, na kuanzia mwaka 1920 hadi 1926 akafundisha watoto wa wakulima katika vijiji vya milimani Austria, Trattenbach, Puchberg na Otterthal. Watoto wale walizungumza lahaja ya kwao, na kamusi zilizokuwepo zilikuwa ghali na hazikuwafaa. Akatengeneza kamusi ya shule za vijijini, akichukua maneno ambayo watoto wenyewe huyatumia na kuyakosea. Ilichapishwa mwaka 1926. Kile kitabu cha falsafa na kamusi hii ndivyo vitabu viwili pekee alivyovitoa akiwa hai.

Alikuwa mwalimu hodari, na alikuwa mkali kupita kiasi. Aprili 1926 alimpiga mtoto mmoja kichwani, mtoto akazimia, naye akaacha kazi. Miaka kama kumi baadaye, akiwa mtu mashuhuri Cambridge, alirudi kule kijijini akapita akiwaomba radhi aliokuwa amewapiga. Wengine walimsamehe, wengine hawakumjali.

Falsafa yake ya baadaye, iliyochapishwa mwaka 1953 baada ya kifo chake, iliacha ile ya kwanza. Zamani aliona sentensi kama picha ya hali ya mambo. Baadaye akaona kwamba maana ya neno mara nyingi ni namna linavyotumika katika shughuli za watu, na kwamba kulijua neno ni kuweza kufanya jambo nalo pamoja na wengine. Wapo wanaosema miaka ile sita ya vijijini ndiyo iliyombadilisha, na wapo wanaopinga. Mimi si mwanafalsafa, ila ni vigumu kwangu kuamini kwamba mtu anaweza kukaa miaka sita na watoto wa lahaja nyingine na asijue kwamba neno halikai ndani ya kamusi.

Alisema pia jambo jingine, nalo ndilo linalohusu semina zetu. Kanuni haijitumii yenyewe. Unaweza kumwandikia mtu kanuni ubaoni, akaikariri, akaitumia kwa namna ambayo hukuiwazia, na bado akadai ameifuata. Nililiona hili kwa macho yangu nikiwa Mratibu Elimu Kata Biharamulo. MMEM ilianza mwaka 2002, ada ikiwa imefutwa, madarasa yakafurika, wale walimu wa UPE wakaanza kuendelezwa hadi daraja A, na semina zikawa nyingi. Mwaka 2005 ukaja mtaala mpya. Tukajifunza maneno: mbinu shirikishi, umahiri, mwanafunzi kuwa kiini cha somo. Mwalimu mmoja alirudi kutoka semina ya siku tano, akapanga madawati katika vikundi, watoto wanane wanane wakitazamana. Nilipoingia nilifurahi. Kisha nikasikiliza. Alikuwa anasema sentensi, vikundi vyote vinaitikia kwa pamoja kwa sauti, kama zamani, tofauti ni kwamba nusu ya watoto sasa walikuwa wamelipa ubao mgongo. Nilimwuliza mbinu shirikishi ni nini, akanijibu vizuri kuliko kitini cha semina. Neno alikuwa nalo. Matumizi yake hakuwahi kuyaona, maana hata mwezeshaji wa semina alilifundisha kwa kuhutubia siku zote tano.

Nikamkumbuka yule mwalimu wa daraja C wa Ngara. Tukakubaliana, walimu wa shule tatu, kwamba kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mmoja wetu afundishe kipindi cha kweli na wengine wakae nyuma. Hatukuwa na posho, na wawili walijitoa kwa sababu hiyo. Wengine tuliendelea karibu miaka miwili. Siku niliyofundisha mimi nilichagua l na r. Nikawaita watoto karibu, nikafungua kinywa, nikawaonyesha ncha ya ulimi inagusa wapi kwa l na inatetemeka wapi kwa r, kama maalim wangu alivyonifanyia kwa qaf. Walimu waliokaa nyuma nao nikawasikia wananong'ona, wanajaribu. Mmoja, Mzinza, akaniambia baadaye kwamba amefundisha kusoma kwa miaka 15 na hakuwa anajua kwamba yeye mwenyewe hazitenganishi. Miaka hii ya 2020 mpango wa MEWAKA unawataka walimu wakutane shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza badala ya kungoja semina ya mjini. Wazo ni zuri. Nina hofu moja tu, kwamba nalo litageuka fomu ya kujaza.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoorodhesha wajibu wa mwalimu katika kitabu chake cha Ihya, aliweka humo kwamba mwalimu amzuie mwanafunzi kosa kwa ishara na upole bila kumfedhehesha hadharani, na kwamba aseme naye kwa kadiri ya ufahamu wake. Na katika Surat Ibrahim, aya ya nne, tunaelezwa kwamba Mitume walitumwa kwa lugha za watu wao ili wawabainishie. Lengo lililotajwa pale ni kubainisha. Ujumbe uliofika masikioni bila kubainika haujafika.

Ukipanda kutoka msingi kwenda sekondari, jambo hili linakuwa zito zaidi, ila nitalipitia kwa haraka. Mtoto yule yule aliyehama kutoka Kihangaza kwenda Kiswahili sasa anahamishiwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili, na serikali ikalikataa pendekezo hilo miaka miwili baadaye. Shule za kata zilipoenea kuanzia mwaka 2004 na vijana wa kidato cha sita wakaingizwa madarasani baada ya mafunzo ya wiki chache, wale ambao watu waliwaita voda fasta, nilimwona mmoja wao akifundisha baiolojia. Alieleza kwa Kiswahili, vizuri sana, watoto wakauliza maswali hasa. Kisha akafunga mlango, kana kwamba anafanya kosa, akaandika maelezo ya Kiingereza ubaoni, na darasa zima likanyamaza likanakili. Walioumia humo si watoto peke yao. Kijana yule alikuwa na akili ya kutosha kuwa mwalimu bora wa baiolojia, lakini kila alichokigundua katika kueleza alitakiwa kukificha, na kila alichokionyesha mkaguzi kilikuwa cha kunakili. Atakua vipi mtu ambaye sehemu yake inayofikiri ni marufuku?

Nirudi Ngara. Mwaka 2007 nilipata safari ya kikazi upande ule, nikaamua kumtafuta kijana wa kalamu. Nilikuwa sijamsoma bado yule Wittgenstein, wala sikujua kwamba kuna mwalimu mwingine aliyefanya safari kama hiyo. Nilipouliza kwa jina lake la shuleni, watu walisita. Kisha mzee mmoja akasema, "Aah, unamtafuta Karamu."

Nilisimama pale barabarani. Mzaha wangu wa dakika moja ulikuwa umekuwa jina la mtu kwa zaidi ya miaka 20.

Nilimkuta shambani kwake, kwenye migomba. Alinitambua kabla sijajitambulisha, akanipa shikamoo na kuniletea kigoda. Nikamweleza nilichokuja kusema. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba viboko hakuvikumbuka, kila mtu alichapwa wakati ule. Kilichomwondoa shuleni ni kwamba kila alipofungua mdomo kusoma, darasa lilisema "karamu", naye akaona heri ng'ombe wa baba yake. Akalisema hilo bila uchungu wowote, kama anaeleza habari za mvua. Sikuwa na la kujibu.

Akamwita binti yake, wa darasa la tatu, alete daftari mwalimu alitazame. Lilikuwa safi, limepigwa mistari kwa rula. Katika imla, mstari wa nne, mtoto alikuwa ameandika karamu, na mwalimu wake ameweka mkasi mwekundu juu yake. Baba alikuwa ananitazama. Nikamwambia binti akae karibu yangu, nikamwuliza kile anachokiandikia, kwao nyumbani, bibi yake anakiitaje.

Akamtazama baba yake kwanza. Kisha akasema, polepole, "Ikaramu."